Sakafu Nyekundu Isiyotia Doa Kanzu

Kila Sikukuu inapokaribia, swali hunifuata kutoka sokoni Chake Chake mpaka mlangoni kwangu Madungu: "Fundi, mbona sakafu yangu nyekundu inatoka?" Bibi mmoja alinitolea mkeka wake wa kusalia, upande wa chini umeiva wekundu kama aliyeuburura barabarani. Kijana mmoja alikaa barazani kwao robo saa tu, akainuka na doa kwenye kanzu jeupe. Wengine hawaulizi neno, wananionyesha nyayo za watoto wao.

Nawajibu wote hapa kwa pamoja. Mara nyingi rangi haina kosa, na saruji haina kosa. Kosa liko kwenye maji: rangi imemwagwa juu ya zege kabla maji hayajaondoka, au fundi ameongeza maji juu ili mwiko uteleze. Ukishika hilo moja, nusu ya sakafu umeshaipata. Nusu iliyobaki ni hatua, nazo nimezipanga hapa chini.

## Hadina ni kitu gani

Hadina ya rangi, ile inayoipa sakafu wekundu wake, ni unga mkavu wa saruji, rangi ya madini na chembe ngumu za mawe, uliochanganywa kiwandani. Hunyunyizwa kwa mkono juu ya zege bichi, ukasuguliwa mpaka ukashikana nalo. Unachopata ni ngozi ya juu yenye rangi, ngumu kuliko zege lililo chini yake. Ndiyo maana inafaa barazani, ukumbini, vibarazani mwa maduka na njia za uani, mahali penye miguu mingi kutwa kucha.

Hadina haifanyi mambo matatu, na hapa ndipo wengi hupotea:

- Haipakwi kama rangi ya ukuta. Haichanganywi na maji ndani ya ndoo.
- Haishiki kwenye sakafu ya zamani. Zege likishakauka, mlango umefungwa.
- Haiponyi zege bovu. Ngozi ngumu juu ya nyama laini hubanduka vipandevipande.

## Kabla hujanunua

Jiulize maswali haya manne. Ukikwama kwenye moja, usitoe fedha bado.

1. Zege ni jipya? Kama sakafu ipo tayari, itabidi umwage tabaka jipya juu yake, lisilopungua sentimita 5, baada ya kuitindua ile ya zamani ikakwaruza, kuisafisha na kuilowesha. Kama kimo cha mlango hakiruhusu, chagua njia nyingine.
2. Unyevu unapanda kutoka chini? Kwa mvua zetu za masika, sakafu isiyo na nailoni chini hunyonya maji ya ardhini, yakapanda na chumvi. Juu ya wekundu utaona ukungu mweupe usiokwisha. Tandika nailoni nene juu ya kifusi kilichoshindiliwa, kisha ndipo umwage.
3. Sakafu ni ya kazi gani? Mahali pa kuanikia karafuu au nafaka, acha zege tupu, na mazao yaanikwe juu ya jamvi. Rangi na dawa za kung'arisha hazina kazi karibu na kitu kitakacholiwa au kuuzwa.
4. Una watu wa kutosha? Hadina haisubiri. Kwa baraza la mita za mraba 9 wanatakiwa watu wanne: wawili wa zege, mmoja wa kunyunyiza, mmoja wa kibao na mwiko.

## Kununua kwa hesabu

Kiasi cha kawaida ni kilo 3 kwa kila mita ya mraba. Rangi hafifu, kama njano au krimu, huhitaji zaidi, kilo 4 hadi 5, kwa sababu kijivu cha zege hutokeza kwa urahisi chini yake. Sehemu za mizigo mizito nazo hutaka kilo 5.

Tuchukue baraza la mita 6 kwa mita 1.5. Eneo ni mita za mraba 9. Ukizidisha kwa 3 unapata kilo 27. Ongeza kidogo kwa ajili ya kingo na kidato cha kupandia, nunua kilo 30. Fundi akikwambia kilo 10 zatosha, atakufanyia sakafu yenye mabaka, na wewe ndiye utakayeitazama kila siku.

Ukiwa dukani:

- Nunua yote siku moja, mifuko yenye namba moja ya toleo. Wekundu wa mfuko wa leo na wa mwezi ujao haufanani.
- Bonyeza mfuko. Ukihisi madonge magumu ndani, unyevu umeshaingia, uache.
- Nyumbani, uweke juu ya mbao, mbali na ukuta, umefunikwa. Hewa ya Pemba ina maji hata siku ya jua.

Kuhusu rangi yenyewe: nyekundu, njano, kahawia na nyeusi zitokanazo na oksaidi ya chuma hustahimili jua. Nyeusi ya masizi hupauka nje. Na tafadhali, nili ya kufulia ni ya kufulia. Usijaribu kutengeneza sakafu ya buluu kwa nili.

## Zege la kubeba rangi

Hapa msifanye ubahili. Kwa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, tia ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo tano za kokoto, ndoo ya lita 20. Maji yasizidi lita 25, na mchanga ukiwa umenyeshewa, punguza. Zege zuri husimama kwenye chepe. Likitiririka kama uji, rangi itazama.

Mambo ya kuangalia:

- Mchanga usiwe wa ufukweni. Una chumvi na vipande vya makombe. Chumvi hutokeza juu, makombe husagika.
- Maji yawe ya kunywa. Kisima cha karibu na mikoko chenye ladha ya chumvi hakifai, hata kwa kumwagilia baadaye.
- Unene usipungue sentimita 10 kwa zege linalolala juu ya ardhi.
- Dawa za kuharakisha zege kukauka zenye kloridi zisiguse kazi hii. Huacha mabaka meusi.

## Siku ya kazi

Anzeni mara baada ya sala ya alfajiri, ili saa 12 na nusu zege liwe linamwagwa. Jua la saa tano lisikukuteni mkiwa bado na kibao. Wakati wa kusi upepo hukausha juu huku ndani kungali majimaji, basi ziba upande wa upepo kwa turubai. Wakati wa masika na vuli, ama uwe na paa juu ya kazi, ama uahirishe. Tone moja la mvua juu ya hadina mbichi ni shimo moja.

1. Funika kuta na milango kwa nailoni mpaka kimo cha kiuno. Vumbi jekundu likiingia kwenye chokaa ya ukuta, halitoki.
2. Mwaga zege, lishindilie, livute kwa ubao mrefu ulionyooka mpaka likae sawa.
3. Lisugue mara moja kwa kibao cha mbao. Usitumie mwiko wa chuma bado, kwani chuma hufunga juu na maji hukosa pa kutokea.
4. Subiri. Nitaeleza hapa chini.
5. Nyunyiza theluthi mbili za hadina. Kwa baraza letu ni kilo 20. Anzia kingoni na karibu na ukuta, ndiko kunakokauka mwanzo. Mkono uwe chini, karibu na zege, unga utoke kwa kuzungusha kiganja kama anayelisha kuku. Ukirusha kutoka juu, chembe nzito huanguka hapa na rangi nyepesi hupeperukia kule.
6. Usiguse. Unga mkavu utaanza kuiva, rangi ikikolea mahali baada ya mahali. Ni dalili kuwa unakunywa unyevu wa zege kutoka chini.
7. Ukishakolea wote, sugua kwa kibao cha mbao mpaka usione unga wala kijivu.
8. Nyunyiza theluthi iliyobaki, kilo 10, ukipita upande unaokatiza ule wa mwanzo. Ulipopaona pamepauka, hapo ndipo pa kuzidishia mkono.
9. Ngoja ukolee tena, sugua kwa kibao.
10. Sasa chukua mwiko mpana wa chuma. Pita mara moja au mbili, ukiulaza. Nje na kwenye ngazi, malizia kwa kuburuta fagio laini, ili mvua ikinyesha mtu asiteleze.
11. Kata mikato kila mita 2.5 hadi 3, kina chake robo ya unene wa zege. Zege litapasuka tu. Kazi yako ni kuliambia lipasukie wapi.

## Kile kipindi cha kusubiri

Narudi hapa kwa sababu hapa ndipo sakafu hufia.

Zege likishatulia hutoa jasho. Mawe na mchanga vinashuka, maji yanapanda. Ukiinama na kulitazama kwa ubavu, utaona uso wake uking'ara kama jicho. Wakati huo zege linakudanganya kuwa liko tayari, na kila mtu aliyesimama pembeni atakuhimiza uanze.

Niliwahi kuhimizwa nikakubali. Ilikuwa baraza hapa hapa mtaani, mwenye nyumba alitaka limalizike kabla ya Ijumaa. Tulichelewa kumwaga, jua likawa kali, nikanyunyiza rangi juu ya ule mng'aro nikijiambia kuwa maji yatasaidia unga kulowa. Kwa jioni ile ilipendeza mno. Baada ya miezi mitatu niliitwa. Nilichutama nikapitisha ukucha kwenye ufa mdogo, na kipande chekundu, chembamba kama ganda la yai, kikanyanyuka kizima. Chini yake palikuwa na unga wa kijivu, laini, unaopangusika kwa kidole. Ule unga ulitokana na maji niliyoyafungia kwa mwiko wangu mwenyewe. Nililivunja baraza lile nikalijenga upya kwa gharama yangu.

Tangu siku hiyo natumia vipimo vitatu, vyote vikubali:

- Jicho: mng'aro umeondoka kila mahali na uso umefifia, pamoja na katikati na penye kivuli.
- Kidole: nikigusa kidogo, kinaacha alama lakini hakitoki na maji.
- Kibao: nikisugua sehemu ndogo, panalainika bila maji kurudi juu.

Itachukua muda gani? Saa haikuambii. Asubuhi yenye ubaridi wa kusi inaweza kuzidi saa moja. Wakati wa kaskazi inaweza kuwa nusu yake. Na kama umetandika nailoni chini, maji yote yatapanda juu, kwa hiyo ngoja zaidi. Mahali maji yamesimama dimbwi, yaburute kwa mpira wa bomba uliolazwa. Usinyunyizie saruji kavu ili iyanywe.

Na ukichelewa? Kama unga umekaa na haukolei, zege limekwisha kunywa maji yake. Usimwagie maji kuuokoa. Fagia unga usioshika, ukubali rangi hafifu au uahidi tabaka jipya. Ni hasara, lakini ni hasara unayoijua leo.

## Makosa yanayorudiwa

- Kuchovya fagio ndani ya ndoo na kurushia maji ili mwiko uteleze. Ni kosa la kwanza ninaloliona. Maji haya hayamo kwenye hesabu ya zege. Hukaa juu na kudhoofisha ngozi ile ile unayoilipia.
- Kunyunyiza mara moja yote. Safu nene haikolei ndani, hubaki unga mkavu uliofunikwa.
- Kupiga mwiko mno. Chuma kikipita mara nyingi juu ya uso uliokaza, huacha weusi kama wa kuungua.
- Kuchanganya rangi mbili kwa makisio mlangoni, wakati zege limeshamwagwa.
- Kukosa sampuli. Mwaga vipande vitatu vya sentimita 60 kwa 60 wiki mbili kabla. Rangi mbichi huwa nzito. Ihukumu ikishakauka, kwenye jua na kivulini.

## Siku saba za mwanzo

Sakafu ya kijivu tunaifunika kwa magunia na kuimwagia maji. Sakafu ya rangi haitaki hivyo. Gunia huacha rangi yake, na nailoni iliyokunjana huacha mistari ya mabaka pale ilipogusa.

Njia bora ni dawa ya kuhifadhi unyevu inayoendana na hadina uliyonunua. Uliza duka lile lile. Ukiikosa, nyunyiza maji safi kama ukungu mwepesi, sakafu nzima kwa usawa, mara nyingi kutwa, kwa siku 7, isikauke upande mmoja na kulowa mwingine. Hata hivyo unaweza kupata weupe kidogo, nao hupungua.

- Asiipite mtu saa 24 za kwanza, wala kuku. Funga mlango, mwombe jirani akuchungie.
- Makabati na majagi ya maji, baada ya siku 7.
- Nta au dawa ya kuziba vinyweleo, baada ya siku 28, sakafu ikiwa kavu kabisa. Ukiwahi, utafungia unyevu ndani na rangi itapata ukungu.

Weupe wa chumvi ukitokea, ufagie kwa brashi kavu kwanza, kisha suuza. Msitumie maji ya betri kusafishia. Ni tindikali kali. Inakula saruji na inaunguza mtu.

## Ukikosa hadina: njia ya oksaidi

Si kila wakati duka la Chake lina hadina, na si kila mtu ana fedha zake. Oksaidi ya chuma kwenye saruji ilipendezesha nyumba zetu kwa miaka mingi, na bado inafaa ndani ya nyumba. Changanya hivi:

- Saruji kilo 50
- Mchanga safi, mgumu, mkavu, uliochekechwa: kilo 50 hadi 75
- Oksaidi kilo 2.5, yaani asilimia 5 ya saruji. Usipite kilo 5. Rangi ikizidi hapo haikolei tena; inabaki unga huru, na huo ndio unaokaa kwenye nyayo na kanzu.

Changanya vikavu vyote kwa pamoja, mara nyingi, mpaka usione mstari wa kijivu, kisha nyunyiza kwa hatua zile zile. Haitakuwa ngumu kama ya kiwandani. Itakuwa nzuri, na haitatoka.

Anayetaka kupiga niru yenye rangi juu ya sakafu iliyokwishakauka, ajue kuwa hiyo ni ngozi nyembamba mno. Chumbani inakaa. Barazani haikai.

## Mnayonibishia

"Wazee hawakufanya haya yote, na sakafu zao zipo." Wazee walisubiri kuliko sisi. Sakafu za chokaa juu ya boriti zilipigwapigwa kwa siku kadhaa, watu wengi kwa pamoja wakiimba. Hawakumaliza kabla ya Ijumaa kwa sababu fulani anakuja.

"Si bora niweke marumaru?" Ukipenda, weka. Lakini marumaru barazani huteleza mvua ikipiga, na moja ikivunjika utaitafuta ya kufanana nayo usiipate.

"Fundi wangu anataka kutia rangi kwenye zege lote." Ni njia halali, na mkwaruzo hautaonyesha kijivu. Ila utanunua rangi nyingi zaidi, na uso hautapata ule ugumu.

"Mimi nina sakafu inayotoka rangi sasa hivi. Nifanyeje?" Ioshe kwa brashi mpaka maji yatoke meupe, iache ikauke wiki nzima. Sugua kwa kidole. Ikiacha wekundu kidogo, dawa ya kugumisha zege la zamani inaweza kuishika. Ikibanduka magamba, hakuna dawa, itinduliwe.

## Afya ya fundi

Vumbi la chembe za mawe zilizomo kwenye hadina huumiza mapafu, polepole na kwa kudumu. Vaa barakoa nzuri unapomimina na kunyunyiza. Kitambaa cha shingoni hakitoshi. Vaa glavu na buti. Zege bichi huunguza ngozi, na mwenye kandambili hujua jioni. Likiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali bila kusubiri kesho.

## Kabla ya kupeana mkono

Mwenye nyumba, kubaliana na fundi haya, mbele ya shahidi:

1. Kilo ngapi za hadina, na mifuko mitupu utaiona.
2. Sampuli ipi ndiyo rangi yenyewe.
3. Kazi itaanza saa ngapi, na mvua ikija itakuwaje.
4. Hakuna ndoo ya maji kando ya mwiko.
5. Nani anamwagilia siku 7.

Na wewe nawe una ahadi moja ya kutoa. Siku hiyo, fundi akiwa amechutama kimya anaangalia zege, usimwambie kuwa anapoteza muda. Mpelekee chai. Anangoja maji yaondoke, na anakungojea wewe, ili Sikukuu ijayo ukae barazani kwako na kanzu jeupe, na uinuke nalo jeupe vilevile.